Mombasa imeisoma kinyume habari ya floraidi

Mwaka 2025 jimbo la Utah, Marekani, lilipiga marufuku kutia floraidi, madini ya kukinga meno yasioze, katika maji ya bomba, na sheria hiyo ikaanza kufanya kazi mwezi Mei. Florida ikafuata mwezi Julai. Habari hizo hazikukawia kufika huku kwetu. Zimepita kwenye makundi ya WhatsApp, zikaingia barazani, na kila zikipita mdomo mmoja zikaongezwa chumvi, hata sasa utamsikia mtu wa Majengo akimwonya mwenziwe wa Kisauni kuwa serikali inatia sumu kwenye maji na kwamba dawa ya meno ya kawaida inawapunguza watoto akili. Wengine wameshaanza kutafuta dawa za meno zilizoandikwa kuwa hazina floraidi, tena kwa bei ya juu.

Nionavyo mimi, habari hii imesomwa kinyume. Ushahidi uliowatia hofu Wamarekani kwa sehemu kubwa haukutoka kwenye maji yaliyotiwa floraidi kwa kipimo. Ulitoka kwenye nchi ambazo ardhi yenyewe huyajaza maji floraidi kupita kiasi, na Kenya ni mojawapo ya nchi za aina hiyo. Yaani yale yanayogombaniwa Utah yanamhusu zaidi mama anayechota maji ya kisima kirefu Nakuru au Baringo kuliko mtu yeyote wa Salt Lake City, mji mkuu wa Utah. Sisi wa Mombasa tuko upande mwingine kabisa. Hapa hakuna mtu anayetia floraidi kwenye bomba, wala Kenya haijawahi kuwa na mpango wa namna hiyo. Kwa hivyo floraidi ya uhakika anayoipata mtoto wa hapa ni ile iliyomo kwenye dawa ya meno, na ndiyo hiyo tunayoambiwa tuitupe.

Turudi nyuma kidogo, maana hadithi hii ilianza na meno mabaya. Mwaka 1901 daktari wa meno kijana, Frederick McKay, alifungua kliniki Colorado Springs, akakuta wenyeji wengi wana madoa ya kahawia menoni. Ilichukua miaka 30 kumjua mhusika. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill wa kampuni ya alumini ya ALCOA aliyapima maji ya sehemu zenye madoa, akakuta floraidi nyingi. Lakini McKay alikuwa amegundua jambo jingine la ajabu, kwamba meno yale yenye madoa hayakuwa yakioza upesi. Daktari wa serikali, H. Trendley Dean, akalinganisha watoto wa miji tofauti na maji wanayokunywa, akaona kwamba penye takriban miligramu 1 ya floraidi kwa lita, meno huoza kidogo na madoa karibu hayaonekani. Tarehe 25 Januari 1945 mji wa Grand Rapids, Michigan, ukawa wa kwanza duniani kurekebisha floraidi ya maji yake kwa makusudi. Baada ya miaka 11 watafiti walieleza kuwa kuoza kwa meno kwa watoto waliozaliwa tangu mpango uanze kumeshuka kwa zaidi ya asilimia 60.

Kinywani kazi ya floraidi ni hii. Sukari ikiingia, bakteria huigeuza kuwa asidi, na asidi hulitoa jino madini yake kidogo kidogo. Mate huyarudisha madini hayo mtu akipumzika kula. Floraidi ikiwamo kwenye mate, hata kwa uchache, urudishaji huo huenda kwa kasi zaidi na enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, inayojengeka huwa ngumu zaidi kuliwa na asidi. Zamani iliaminika kwamba faida kubwa hupatikana kwa kuimeza ili iingie kwenye meno yanayoota, lakini leo wataalamu wengi hukubaliana kuwa sehemu kubwa ya faida yake ni ya juu juu, hapo hapo kwenye uso wa jino. Jambo hili lina uzito mkubwa katika mjadala wetu, kwa sababu kama kazi inafanyika juu ya jino, basi bomba ni njia moja tu kati ya njia kadhaa.

Sasa tuje kwenye hofu yenyewe, na tusiidharau. Agosti 2024 taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza sumu ilitoa ripoti iliyosema, kwa imani ya kiwango cha kati, kwamba floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa inahusiana na alama za chini za vipimo vya akili kwa watoto. Mwezi uliofuata jaji wa mahakama ya shirikisho huko California, Edward Chen, aliiamuru idara ya mazingira ya nchi hiyo ichukue hatua juu ya hatari hiyo. Januari 2025 ukachapishwa uchambuzi wa tafiti 74 za aina hiyo. Hakuna hata moja kati ya hizo 74 iliyofanywa Marekani. Nyingi zilitoka China, na nyingine katika nchi kama India na Iran, sehemu ambazo maji ya ardhini yana floraidi ya asili. Na ripoti ya 2024 yenyewe ilikiri kwamba kwa kiwango cha miligramu 0.7, ambacho ndicho Marekani inachopendekeza tangu 2015, data hazikutosha kuonyesha kama kuna athari au hakuna.

Hiyo 1.5 si namba mpya. Ndicho kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa miongo kadhaa, na ndicho kikomo cha viwango vya maji vya Afrika Mashariki ambavyo Kenya inavifuata. Mtu akisema Wamarekani wamegundua kuwa floraidi inayozidi 1.5 ni hatari, mtaalamu wa maji wa Nakuru atamjibu kwamba hilo si geni kwake.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1984, uliopima zaidi ya sampuli 1,000 za maji ya ardhini kote nchini, ulikuta asilimia 61 zimepita miligramu 1 kwa lita, karibu asilimia 20 zimepita 5, na asilimia 12 zimepita 8. Vilivyoongoza ni visima vya ardhi ya volkano, Nairobi, Bonde la Ufa na lililokuwa jimbo la Kati, na vingine vilifika kati ya 30 na 50. Ziwa Nakuru limewahi kupimwa likakutwa na miligramu 2,800 kwa lita, na Elementaita 1,640. Madoa ya meno huanza kuonekana wazi maji yakipita 1.5, kati ya 3 na 6 mifupa nayo huanza kuathirika, na yakipita 10 kwa miaka mingi mtu anaweza kulemaa. Jirani zetu wa Arusha, chini ya Mlima Meru, wana shida iyo hiyo, ndiyo sababu Tanzania ina kituo cha utafiti cha Ngurdoto kinachoshughulika na kuondoa floraidi majini kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Nakuru nako Dayosisi ya Kanisa Katoliki imefanya kazi hiyo hiyo kwa miaka mingi. Kuna pia njia ya shabu na chokaa, iliyobuniwa India, ambayo mzee yeyote wa pwani aliyewahi kutuliza maji ya tope kwa shabu angeielewa nusu yake bila kufundishwa. Hawa ndio waliostahili vichwa vya habari. Badala yake kijana wa bara anakuja kutafuta kazi Mombasa, akifungua mdomo watu wanamtazama meno na kumfikiria mchafu, wakati madoa yale yaliingia utotoni enameli ilipokuwa ikijengeka, kabla ya miaka minane hivi, na hakuna mswaki wa kuyatoa.

Wanaopinga floraidi ya bomba wana hoja mbili ambazo nazipa heshima. Ya kwanza ni kwamba faida imepungua. Uchambuzi mkubwa wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, uliotolewa Oktoba 2024 ulikuta kwamba katika tafiti zilizofanywa baada ya 1975, dawa za meno zenye floraidi zilipokwisha kuenea, kutia floraidi kwenye maji kulipunguza kwa wastani kama robo ya jino la utotoni lililooza kwa kila mtoto. Robo ya jino si ile asilimia 60 ya Grand Rapids. Hata hivyo wastani huficha mengi. Calgary, Kanada, iliacha kutia floraidi mwaka 2011 huku Edmonton, mji jirani wa mkoa ule ule, ikiendelea. Miaka saba au minane baadaye watoto wa darasa la pili wenye meno yaliyooza walikuwa asilimia 64.8 Calgary na 55.1 Edmonton. Wakaazi wa Calgary walipiga kura mwaka 2021 kuirudisha, na katikati ya 2025, wakati Florida inafunga, wao wakafungua tena.

Hoja ya pili ni ya hiari. Kwa nini niwekewe kwenye maji kitu cha kunitibu bila kuulizwa? Wapo wanaoijibu hoja hii kwa kejeli, nami naona wanakosea. Nchi nyingi za Ulaya Magharibi hazitii floraidi kwenye maji, na wala si wajinga. Ujerumani, Ufaransa na Uswisi zimeweka chumvi yenye floraidi madukani, anayetaka achukue na asiyetaka aache. Ireland kwa upande wake imeiweka kwenye sheria tangu 1960. Hapa pana nafasi ya watu wenye akili timamu kutofautiana, na utamaduni wa kila nchi una sauti yake. Jambo linalonifanya nisiikubali hoja ya hiari moja kwa moja ni kwamba kuchagua kunahitaji pesa. Anayeweza kununua dawa nzuri ya meno na kumwona daktari mara mbili kwa mwaka hana haja ya bomba limsaidie. Mtoto wa Mtopanga ambaye daktari wa kwanza atakayemwona ni yule wa kung'oa, hakuna aliyempa chaguo lolote.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosambaa zaidi, kwamba floraidi ni sumu ya panya na masalio ya viwanda vya mbolea, na kwa hivyo hata tone moja ni kifo. Ni kweli kwamba sodiamu floraidi iliwahi kutumika kuua wadudu na panya. Ni kweli pia kwamba kemikali inayotumika sana Marekani kurekebisha maji hupatikana wakati wa kutengeneza mbolea ya fosfeti. Lakini hayo hayathibitishi kitu. Klorini inayotukinga na kipindupindu kila mvua za masika zinapofurika visima vyetu ni kemikali ile ile ya kufulia nguo nyeupe, na hakuna aliyeiacha kwa sababu hiyo. Tunauliza ni kiasi gani. Mtu akiikataa floraidi kwa sababu ya asili yake, ajue chembe hiyo hiyo imo kwenye kikombe chake cha chai, kwani mchai huinyonya floraidi udongoni na kuihifadhi majanini. Imo pia kwenye magadi anayotilia maharagwe yaive upesi.

Upande wa pili nao una hoja yake dhaifu, nayo haisemwi sana. Ni ile ya kusema Marekani imefanya miaka 80, basi nasi tufanye. Marekani yenyewe mwaka 1962 ilipendekeza viwango kati ya 0.7 na 1.2 kulingana na joto la mahali, kwa sababu mtu wa nchi ya joto hunywa maji mengi zaidi na hivyo humeza floraidi nyingi zaidi. Mtu anayebeba mizigo Kongowea mwezi wa Februari hanywi lita mbili tu, hunywa zaidi. Ongeza chai ya rangi asubuhi na jioni, na pengo kati ya kipimo cha faida na kile cha madhara, ambalo hata Marekani ni dogo, linazidi kubana. Kipimo cha Michigan hakiwezi kunakiliwa Mombasa bila hesabu mpya.

Na hata tukiifanya hesabu hiyo, tutaitia kwenye bomba gani? Maji ya mji huu yanatoka Chemchemi za Mzima kule Tsavo Magharibi, kwa bomba refu lililoanza kazi miaka ya 1950, yanatoka Marere katika Milima ya Shimba, yanatoka visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, na visima vya Tiwi. Yote kwa pamoja hayafikii mahitaji ya mji. Kwa hivyo mtu wa Likoni leo anakunywa maji ya bomba, kesho anamsimamisha mwenye mkokoteni na mitungi ya lita 20, keshokutwa jirani kaleta boza, na nyumba zenye uwezo hununua maji yaliyochujwa kwa mashine katika vibanda vilivyojaa mitaani. Kutia floraidi kwenye maji ya jamii kunadhani jamii inakunywa maji mamoja. Hapa faida ingemfikia zaidi mwenye bomba linalotoka kila siku, na huyo ndiye anayeihitaji kidogo kuliko wote.

Tena vyanzo hivyo havifanani. Mzima hulishwa na mvua inayopenya kwenye miamba ya volkano ya milima ya Chyulu, na volkano ndiyo mama wa floraidi Afrika Mashariki, ingawa si kila mwamba wa volkano huitoa kwa wingi. Visima vya kisiwani na ukanda wa pwani vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe yaliyojaa kalsiamu, na kalsiamu kwa kawaida huizuia floraidi isipande. Maji yaliyochujwa kwa mashine huwa yamepoteza sehemu kubwa ya floraidi yake pamoja na chumvi. Nyumba mbili za mtaa mmoja zinaweza kuwa na tofauti kubwa, na mwenye nyumba asijue, kwa sababu floraidi haina rangi, harufu wala ladha. Kuchemsha hakuiondoi, tena maji yakipungua jikoni floraidi hubaki na kukolea. Mkaa wa kawaida hauiondoi. Klorini haina habari nayo. Njia pekee ya kuijua ni kuipima maabara, na upimaji huo si ghali kama wa dawa za wadudu au metali nzito. Kampuni ya maji ya kaunti ingebandika kipimo cha kila chanzo mahali pa wazi, na idara ya afya ikadai vivyo hivyo kwa wenye visima na vibanda, nusu ya mzozo huu ingeisha.

Wapo wanaopendekeza tufanye kama Uswisi, tutie floraidi kwenye chumvi. Kwa mtu wa pwani wazo hili linavutia, maana chumvi ya nchi hii inavunwa hapa hapa jirani, Gongoni na Marereni, na tayari huongezwa iodini kwa mujibu wa sheria. Lakini chumvi ya Gongoni haibaki Mombasa. Inapanda lori hadi Nakuru, Naivasha na Gilgil, kwa watu ambao tayari wana floraidi kupita kiasi. Nchi yenye watu wa kuongezwa na watu wa kupunguziwa ndani ya mipaka mimoja haiwezi kutumia njia isiyobagua. Sijaona anayelisema hili kwa sauti, na ndilo linaloua pendekezo hilo.

Inabaki dawa ya meno. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu, hatua ambayo inazipa serikali sababu ya kuitazama kodi yake upya. Inayofaa ina kati ya sehemu 1,000 na 1,500 za floraidi kwa milioni, na huandikwa kwenye boksi. Kwa mtoto chini ya miaka mitatu inatosha kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia mitatu hadi sita, kiasi cha punje ya mbaazi, na mzazi asimame hapo mtoto ateme badala ya kumeza. Tyubu isiachwe mikononi mwake, hasa zile zenye ladha ya matunda, kwa sababu mtoto akila tyubu nzima ataumwa kweli. Mswaki wa mti unasugua vizuri na una heshima yake katika dini na mila, lakini floraidi yake ni kidogo mno kushindana na mabuyu, kashata na soda. Mji huu hula sukari kutoka mahamri ya asubuhi hadi halua ya usiku, na kuwaambia watoto wake waache floraidi bila kugusa sukari ni kuwapeleka kwa mng'oaji. Familia iliyohamia hapa kutoka Bonde la Ufa, ambayo watoto wake wameshaanza kuwa na madoa, itafute ushauri wa daktari wa meno kabla ya kuamua lolote.

Swali la bomba litakuja kuwa la Mombasa kweli, ila wakati wake haujafika. Bwawa la Mwache linajengwa Kwale, na mipango ya kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari imezungumzwa kwa miaka mingi. Maji ya bahari yakitoka kwenye mitambo hiyo huwa karibu hayana madini yoyote, na lazima yarudishiwe mengine, kalsiamu kwa mfano, ili yasile mabomba. Hapo ndipo mtu atalazimika kuamua floraidi irudishwe kiasi gani au isirudishwe kabisa. Mkataba wa mtambo kama huo hutiwa sahihi mara moja na kudumu miongo, kwa hivyo swali hilo liulizwe kwenye vikao vya umma kabla ya sahihi, vipimo vya Mzima, Marere, Baricho na Tiwi vikiwa mezani.